Hapa Hatupokei Msamaha wa Jumla

Barua ilimkuta Mukashema barazani, mguu kwenye pedali ya cherehani, pini zimejaa mdomoni. Aliyeileta ni bwana mmoja wa ofisi ya avoka, yaani wakili, suti imembana makwapani, pikipiki iliyomleta inanguruma pembeni. Angeweza kumwita kando. Hakumwita. Alisimama mbele ya mafundi wote wa baraza ile ya Rwezamenyo, Kigali, akauliza kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba:

"Nani hapa ni mke wa Mugenzi?"

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mukashema akatema pini kiganjani.

"Ni mimi."

"Mume wako amekushitaki. Kumchafulia jina mbele za watu. Weka saini hapa. Na hapa."

Mteja aliyekuwa anapimwa gauni akajivuta nyuma, kama vile kesi inaambukiza. "Fundi, nitarudi kesho," akasema, akachukua kitambaa chake na mkoba wake. Wote pale barazani walijua hiyo kesho haipo. Mukashema akaweka saini. Mkono wake, ambao hukata kitambaa bila chaki na kisipinde, siku hiyo uliandika jina kama mtoto wa chekechea.

Barua ilikuwa ndefu lakini neno lake lilikuwa fupi. Mugenzi anataka fidia ya faranga milioni tatu. Au, kama mke wake ataomba msamaha hadharani na kukiri kwamba alisema uongo juu yake, yeye ataiondoa kesi.

Bruce, fundi wa suruali wa cherehani ya jirani, alikuwa amesoma yote kwa kuchungulia begani. Akapiga mluzi. "Milioni tatu! Mama Alida, ulimsema mume au ulimgonga na gari?"

Wakacheka. Mukashema hakucheka.

"Nilisema ananipiga."

Kicheko kikakatika pale pale, kila mtu akaanza kutafuta mkasi wake.

Na kweli, ndivyo alivyosema, hakuongeza kitu. Ilikuwa kwenye umugoroba w'imiryango, ile jioni ambayo nyumba za isibo moja, majirani wa mtaa mmoja, hukaa pamoja kuongea mambo ya nyumbani. Mzee Kabera, kiongozi wa isibo yao, aliuliza kama kila siku: kuna mwenye shida? Na kama kila siku watu wakaangalia viatu vyao. Mukashema mwenyewe hakujua mdomo wake umefunguka saa ngapi. "Mume wangu ananipiga na nimechoka," akasema, akaketi. Kabera akasema ndoa ni kuvumiliana, wakaenda kwenye habari ya taka. Lakini kuna mtu alikuwa anarekodi. Kabla ya wiki kwisha ile sauti ilikuwa imezunguka simu hadi simu, mpaka ikafika kwenye kanisa la Mugenzi, ambako alikuwa karibu kusimikwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji akaahirisha. Hapo ndipo Mugenzi akatafuta avoka.

"Omba msamaha yaishe," Bruce akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi si niliomba? Nimekufa?"

"Wewe uliomba mpaka usiku ukaingia, Jerikani!" fundi mwingine akamrushia, na kicheko kikarudi.

Hilo jina Bruce alilipata kwa Kabera. Alikuwa anafungulia bomba la majirani alfajiri na kujichotea. Walipomshika, akasimama mbele ya isibo na kusema, nisameheni kwa yote. Kabera akakataa. "Hapa hatupokei msamaha ya jumla," akamwambia. "Sema moja moja, ulimkosea nani, na huyo mtu ajibu." Bruce akasimama pale akitaja jerikani moja baada ya nyingine, na kila mwenye bomba akisimama kumjibu, watu wakicheka mpaka machozi. Toka siku hiyo hata watoto humwita Jerikani.

Mukashema akakunja barua, akaiweka kwenye droo ya cherehani. Kisha akakumbuka kwamba wakimshinda, hata hiyo droo itachukuliwa.

*

Jumapili Mugenzi alirudi kutoka kanisani na dada yake Yvonne. Yvonne aliingia na viatu, akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, mkoba juu ya mapaja. Mugenzi yeye alivua koti lake polepole, akalitundika, akalipiga piga begani kama vile lina vumbi. Anafanya kazi ofisini Kacyiru, na hata Jumapili anatembea kama mtu anayetazamwa na bosi.

"Wifi," Yvonne akaanza, "mimi sikuja kugombana. Nilikuja kukuuliza tu. Ulikosa nini? Nyumba iko. Chakula kiko. Mtoto anasoma. Kaka yangu hanywi pombe. Unajua wanawake wangapi Kigali wanatafuta mwanaume asiyekunywa?"

Mukashema alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, taulo mkononi.

"Nijibu, wifi. Au siku hizi unaongea tu kukiwa na watu?"

"Muache," Mugenzi akasema kwa upole. Ule upole wake ndio Mukashema alikuwa anauogopa. Kelele hutoa taarifa, upole hautoi. "Mama Alida, mimi sitaki vita. Nataka jina langu. Baba yangu aliondoka Karagwe na sanduku moja, hakuniachia shamba, hakuniachia ng'ombe. Aliniachia jina. Sasa leo naingia ofisini, mtu wa mapokezi ananiangalia mikono. Mikono! Kama vile nimeficha fimbo." Akainua sauti kidogo. "Alida! Hebu njoo."

Msichana akatoka chumbani na kalamu yake ya shule. Ana miaka kumi na minne na amejifunza kuingia sebuleni bila kugusa kitu.

"Mimi huwa nampiga mama yako?"

Alida hakumtazama mama. Hakumtazama baba. Alitazama ile kalamu.

"Hapana, baba."

"Sema shangazi asikie."

"Hapana, baba hampigi."

"Nenda kasome." Mugenzi akafungua mikono. "Umeona? Mtoto hana avoka."

Jibu lile lilikuwa la Mukashema mwenyewe. Yeye ndiye aliyemfundisha Alida kulisema, tangu mtoto akiwa darasa la kwanza na mwalimu akauliza.

Yvonne akatoa karatasi mkobani, pamoja na poda yake, akajipaka pua wakati anaongea. Karatasi ilikuwa na mistari miwili, imepigwa chapa: *Naomba msamaha kwa uongo wote niliosema juu ya mume wangu. Nimekosa.* Mukashema ataisoma kanisani, mbele, na maikrofoni. Yvonne atarekodi na simu, kwa sababu mambo yalianza kwa simu.

Kanisani! Watu mia tano, kwaya nyuma yake, na mchungaji ameinamisha kichwa. Mukashema akaona miguu yake haitafika mbele.

"Kanisani sikusema kitu," akasema. "Nilisema kwa Kabera. Nitaomba kwa Kabera."

Yvonne akacheka kwa pua. "Kwa Kabera! Kwenye ndoo za taka!"

Mugenzi naye akatabasamu. Hajawahi kukanyaga mkutano wa isibo. Kila mara yuko kazini, kila mara anamtuma mke. Kwake yeye pale ni mahali pa wamama na wazee wasio na kazi, na aliyewahi kusema nini pale, au kwa utaratibu gani, hakuwa na muda wa kujua.

"Sawa," akasema. "Kwa Kabera. Si ndiko alikonichafulia? Atanisafishia huko huko. Hiyo sauti ya msamaha tutaipeleka kanisani wenyewe."

Yvonne alipoondoka, Mugenzi akamkabidhi mke wake ile karatasi, na wakati anamkabidhi akamshika kidole gumba, akakikunja nyuma taratibu, akimtazama usoni, mpaka Mukashema akapiga goti.

"Ukikosea hata neno moja," akasema, "tutaongea."

*

Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa na foleni ya wanawake mpaka ngazini, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Msichana aliyempokea aliitwa Umulisa, avoka mdogo, macho yamechoka kama ya nesi.

"Ulienda hospitali, mama?"

"Nilienda. Mbavu ziliuma."

"Ukasema nini?"

Mukashema akatazama meza. "Nilisema nimeanguka bafuni. Yeye alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika mkoba wangu."

Umulisa akaweka kalamu chini. "Basi wakileta karatasi ya hospitali itamsaidia yeye. Mashahidi?"

"Majirani wanasikia."

"Kusikia wanasikia wote. Shida ni kuja kusema." Akashusha sauti. "Nikueleze wazi. Sheria inakulinda usipigwe, na inamlinda yeye asichafuliwe jina. Ila jina lake liko tayari, kila mtu analijua. Kipigo chako lazima ukilete hapa mezani. Nitakusimamia nikiwa na shahidi hata mmoja. Na mama, hilo jambo la msamaha ulifikirie. Ukishasema mbele za watu kwamba ulidanganya, siku ukija hapa na jicho limefumba, watatuchezea sauti yako mwenyewe. Hakuna mlango utakaokufungukia tena."

Mukashema akarudi kwa miguu. Hakutaka kumlipa mwenye pikipiki ili afike nyumbani haraka. Nyumbani kulikuwa na haraka gani?

Aliingia kwa Wanjiru. Wanjiru ni Mkenya, anasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha kipangu kile kile, ua wanaoishi pamoja na kina Mukashema, na chumba chake cha kulala kimepakana na cha Mukashema, ukuta mmoja. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeongea na vitana mdomoni.

"Wee, Mama Alida! Kaa hapa, hicho kichwa kinatia aibu. Na hiyo kabati yenu, juzi mlikuwa mnaihamisha tena?"

Huo ulikuwa utani wao wa miaka. Siku ya kwanza Wanjiru alipobisha hodi kuuliza ni kelele gani zile, Mukashema alimjibu kupitia mlango uliofungwa: tunahamisha kabati. Wanjiru akasema haya. Tangu hapo, kabati.

Leo Mukashema hakuutikia ule utani. "Wanjiru, nahitaji mtu wa kusema alichosikia."

Mikono ya Wanjiru ikasimama kichwani mwake.

"Kusema wapi?"

"Kwa jaji."

"Ai, hapana." Akaichukua mikono yake, akaipangusa kwenye aproni ingawa haikuwa na mafuta. "Mimi na korti, hapana kabisa. Mama Alida, mimi hapa niko kwa kibali. Kila mwaka napanga foleni kama mtoto wa shule. Mume wako ni mtu wa maofisi, anajua nani na nani. Kesho nikiambiwa karatasi yangu ina shida, nitapeleka wapi hizi draya? Nitazibeba kichwani mpaka Nakuru?"

"Nimeelewa."

"Usiseme umeelewa na hiyo sauti! Mimi nakupenda. Chai si nakupa? Poda si nakupa? Lakini jina langu usiliandike popote. Tafadhali. Omba huo msamaha, umalize, uje nikusuke tena."

Alimaliza kumsuka bila utani na akakataa kupokea hela. Mukashema alipotoka, watoto walikuwa wanamfuata Bruce barabarani, wakigonga ndoo tupu na kuimba: "Jerikani! Jerikani ya nani? Sema moja moja!"

Bruce akawatupia kandambili. Watoto wakatawanyika wakicheka, kisha wakaanza upya. Mukashema akabaki amesimama kwenye kizingiti cha saluni, mkono kwenye mlango, akiusikiliza ule wimbo kama vile ni mara ya kwanza kuusikia. Sema moja moja.

Akatoa ile karatasi ya mistari miwili, akaisoma tena. Uongo wote, ilisema karatasi.

*

Mkutano ulikuwa uani kwa Kabera, mabenchi kwa wamama, viti vya plastiki kwa waliowahi. Mugenzi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaa kama bati, na Yvonne nyuma yake. Akachukua kiti cha mbele kabisa. Kikongwe aliyekuwa amekiwekea kile kiti kitenge chake akaondoa kitenge bila neno, akaenda kukaa benchini.

"Leo iko mgeni," Kabera akasema.

"Mimi ni mkazi wa hapa, kiongozi."

"Ndiyo. Mkazi ambaye leo tunaona uso." Watu wakaguna kwa raha. Kabera hakucheka, alishawahi kuwa mtunza ghala, na toka astaafu, isibo ndiyo ghala lake. "Mama Alida iko na neno. Simama, mama."

Mukashema akasimama. Yvonne akainua simu. Mukashema akasoma ile mistari miwili, sauti yake ikafika benchi la pili ikaishia hapo. Nyuma wakasema, hatusikii. Akasoma tena.

Mugenzi alikuwa ameshasimama, ameweka mkono kifuani. "Nimemsamehe. Kibinadamu mtu hukosea. Mungu awabariki, tusiwapotezee muda."

"Bwana, kaa," Kabera akasema. "Haijafika kwako."

"Samahani?"

"Hapa hatupokei msamaha ya jumla."

"Muulizeni Jerikani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ua wote ukacheka, Bruce mwenyewe akiinama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Mugenzi akageuza shingo huku na huku. Hakuelewa wanacheka nini, na mtu wa ofisini asiyeelewa kicheko huhisi kwamba kinamhusu.

"Kiongozi, hiyo karatasi imeandikwa na avoka. Iko sawa kisheria."

"Avoka wako anaishi isibo gani?"

"Yeye... haishi hapa."

"Basi hapa iko utaratibu ya hapa. Mama Alida, umesema uongo wote juu ya mume wako. Uongo gani? Ulimwambia nani? Sema moja moja, na uliyemdanganya ajibu. Kisha ndio tujue kama iko msamaha."

Mugenzi akamwinamia mke wake, mdomo karibu na sikio, tabasamu likiwa bado limebaki usoni kwa ajili ya watu. "Sema ile moja, ukae," akanong'ona. "Tutaongea nyumbani."

Nyumbani. Mukashema akalijua lile neno lina uzito gani. Alikuwa amelibeba mbavuni. Kidole gumba kilikuwa bado kimevimba. Angeweza kusema ile sentensi moja, akaketi. Watu wangesikitika kidogo, taka zingejadiliwa, na yeye angekuwa mwongo mpaka afe, kwa sauti yake mwenyewe, kwenye simu ya Yvonne.

Akakunja karatasi.

"Nimesema uongo mwingi juu ya mume wangu," akasema, na safari hii nyuma walisikia. "Nesi wa hospitali hayuko hapa. Yeye nilimwambia nimeanguka bafuni. Ulikuwa uongo. Sikuanguka."

Akamtafuta Bruce kwa macho.

"Mafundi wenzangu niliwaambia jino linaniuma, ndiyo maana nimefunga kitambaa shavuni. Bruce, wewe ulininunulia dawa ya jino. Nisamehe. Halikuwa jino."

"Hayo siyo!" Mugenzi akaruka. "Huyu anapotosha! Hayo siyo maneno tuliyokubaliana!"

"Ulitaka aseme uongo aliosema," Kabera akajibu. "Anasema. Na kukatiza mtu hapa iko faini."

"Mzee Kabera," Mukashema akaendelea, na sasa hakuweza kuacha hata kama angetaka, "wewe uliniuliza jicho lina nini. Nikakuambia nimejigonga kwenye mlango. Nilikudanganya. Wanjiru, wewe nilikuambia tunahamisha kabati. Nilikudanganya miaka yote. Na binti yangu nilimfundisha kusema baba hampigi mama. Huo uongo si wake, ni wangu, na huo sijui nitaombea wapi msamaha." Akaigeukia ile simu. "Yvonne sikumdanganya. Yvonne aliniona kwenye ubatizo wa mwanawe, akanipa poda."

Simu ilikuwa bado imeinuliwa mkononi mwa Yvonne. Ilikuwa inaendelea kurekodi.

"Lakini kwamba ananipiga," Mukashema akamaliza, "hapo sikudanganya. Huo sina wa kuombea msamaha."

Akabaki amesimama, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka: anayeomba haketi mpaka ajibiwe.

"Yvonne, futa hiyo," Mugenzi akasema. Hakunong'ona. "Futa, nimesema! Wewe husikii?"

Ndipo watu wa isibo wakamsikia Mugenzi kwa sauti yake ya nyumbani. Baadhi yao waliwahi kuisikia, kupitia dirishani. Yvonne akamtazama kaka yake, akatazama simu. Akaiingiza mkobani bila kugusa kitufe, akafunga zipu, akatazama chini.

Bruce akasimama kwanza, mikono mfukoni. "Mimi nimekusamehe, fundi," akasema. "Dawa ya jino nitainywa mwenyewe." Hakuna aliyecheka, akaketi haraka.

Kisha macho yote yakaenda kwa Kabera. Utaratibu ni wake. Mzee akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

"Mimi nililiona hilo jicho," akasema mwishowe. "Mlango haupigi mtu namna ile. Niliuliza kwa sababu kiongozi lazima aulize. Ukanijibu mlango, mimi nikafurahi, kwa sababu mlango hauna kesi." Akakohoa. "Sina kitu cha kukusamehe. Katibu, andika hivyo."

"Niandike vyote, mzee?" akauliza katibu wa isibo, daftari mapajani.

"Moja moja."

Mugenzi akacheka, kicheko kikavu. "Haya. Fanyeni mchezo wenu. Kesi iko palepale, na sasa nimekuongeza wewe mzee, na huyo katibu, na yeyote atakayefungua mdomo. Kila mtu hapa nitamjua kwa jina. Mtalipa mpaka watoto wenu. Nani mwingine? Nani anataka kuingia kwenye kesi? Si aseme!"

Wamama wakatazama viatu vyao. Kikongwe aliyenyang'anywa kiti akasonya, basi. Vitisho vile havikuwa maneno matupu, kila mtu alijua. Barua huja, na mwenye barua huwa na suti.

"Bado mmoja hajajibu," Kabera akasema. "Mwenye saluni."

Wanjiru alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na geti, amekaa upande upande kama mtu anayesubiri nafasi ya kutoka. Mukashema hakumwangalia. Alikuwa ameombwa asiliandike jina lake popote, na sasa amelitaja mbele ya watu wote. Hilo nalo lilikuwa kosa, na hakujua ataliombaje.

Wanjiru akasimama. Benchi likainuka upande wa pili.

"Mimi sikudanganyika," akasema. Sauti yake ya utani haikuwepo. "Hiyo kabati haijawahi kuhama. Iko mahali pale pale, nyuma ya mlango, nimeiona kwa macho yangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nauliza kila mara, mmeihamisha? Ndio nisikie ndiyo. Ndio nilale." Akageuka kwa Mugenzi, akaingiza mikono kwenye aproni. "Ukuta ni mmoja, Baba Alida. Nasikia hata ukikohoa."

"Wewe mgeni," Mugenzi akasema polepole, "unakumbuka kwamba wewe ni mgeni?"

"Nakumbuka kila mwaka."

Katibu, ambaye alikuwa ameandika mpaka hapo, akainua kalamu yake.

"Dada, hili la kabati niandike nani amesema? Niandike mwenye saluni?"

"Hapana," Wanjiru akasema. "Andika jina. Lile la kwenye kibali. Lote."